Karata za Kujenga Fungu: Bahati Iko Wapi, na Kamari Inaanzia Wapi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, muhula huu swali moja limerudi mara kadhaa baada ya darsa, kutoka kwa kaka na kutoka kwa dada pia. Wanaouliza hawachezi kwa pesa. Wanacheza karata hosteli au kwenye kompyuta, na hasa ile aina ambayo kila mchezaji anajenga fungu lake la karata huku mchezo ukiendelea. Wanasema hivi: kamari tunajua ni haramu, lakini hapa hakuna shilingi. Ila karata zinachanganywa, na mara nyingine mtu anashinda kwa sababu tu zimemjia vizuri. Je, hiyo bahati yenyewe ndiyo iliyoharamishwa? Na Muislamu anayeamini kadari anaweza kusema "nilikuwa na bahati"?

Mimi nasomea hesabu, si mufti. Kwa hiyo nitapima bahati kwa namba pale inapopimika, na nitataja waliyosema wanavyuoni kama yalivyo vitabuni. Mwenye haja ya fatwa ampelekee sheikh wake.

Tuanze na matatu

Hapa Uganda mtu akisema matatu, huenda hasemi gari la abiria kama wenzetu wa Kenya. Anasema karata. Rwekubo utaikuta kwenye kivuli karibu na bodaboda, Basecamp utaikuta mbele ya maduka, na hapa Mbarara utaikuta kwenye korido za hosteli. Nakivale ina Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia, na nimeona watu wasioelewana lugha wakielewana matatu vizuri kabisa. Kola Studios ya Kampala hata waliitengenezea programu ya simu.

Sheria hutofautiana mtaa kwa mtaa, lakini mwili wake ni huu. Karata ni 52. Kila mmoja anapewa 7. Karata moja inafunuliwa na kuwekwa chini ya rundo, nayo ndiyo inayotaja aina itakayokata. Unatupa karata inayofanana na ya juu kwa aina au kwa namba. Mbili inamwokotesha anayefuata karata mbili, nane na J zinamruka zamu yake, A inakuruhusu kubadilisha aina. Anayemaliza karata anashinda. Lakini mwenye saba ya ile aina iliyofunuliwa anaweza kuitupa na kukata mchezo hapo hapo. Kila mtu anahesabu pointi zilizo mkononi, na mwenye chache ndiye mshindi.

Sasa namba. Karata ya chini ikishafunuliwa, zinabaki 51, na wewe umepewa 7 kati ya hizo. Uwezekano wa kuanza na saba inayokata ni 7 kwa 51, karibu asilimia 14. Yaani takriban mara moja katika michezo saba unaanza na silaha mkononi, na hukufanya lolote kuipata. Lakini kuwa nayo si kushinda. Ukikata mapema na huku una karata nzito, umejikata mwenyewe. Wazoefu wa Rwekubo wanaikalia saba yao, wanakumbuka zipi zimekwisha kutoka, wanasubiri hadi mwenzao aokoteshwe mbili juu ya mbili, ndipo wanaitupa. Hata matatu, basi, si bahati tupu.

Ila bahati ya matatu ina sifa moja ninayotaka tuishike: sehemu yake kubwa inakuja kwa mgao mmoja, mwanzoni, kutoka katika fungu ambalo hakuna mchezaji aliyelitengeneza.

Karata kumi za mwanzo

Mchezo uliofungua njia ya kujenga fungu unaitwa Dominion. Ulibuniwa na Mmarekani Donald X. Vaccarino, ukatoka mwaka 2008, na mwaka 2009 ukapata tuzo ya Spiel des Jahres ya Ujerumani, ambayo ni tuzo kubwa kwa michezo ya mezani.

Kila mchezaji anaanza na karata 10 zinazofanana na za mwenzake: 7 za pesa ndogo, na 3 za ardhi ambazo hazinunui kitu, zinahesabiwa pointi mwishoni tu. Anachanganya, anavuta 5. Kwa pesa iliyo mkononi ananunua karata kutoka soko lililo wazi mezani, ambalo wote wanaliona. Aliyoinunua haiji mkononi. Inaingia katika rundo lake la zilizotumika pamoja na zile 5. Zamu ya pili anavuta 5 zilizobaki. Fungu likiisha, anachukua rundo la zilizotumika, analichanganya, na hilo ndilo fungu lake jipya, ambalo sasa lina karata 12 ikiwa amenunua kila zamu. Ndivyo mchezo unavyozunguka: kununua, kutumia, kuchanganya, kuvuta.

Bahati iko wapi hapo? Tuhesabu zamu mbili za kwanza. Pesa zote ni 7, kwa hiyo zitagawanyika ama 4 na 3, ama 5 na 2. Njia za kuchagua karata 5 kati ya 10 ni 252. Katika njia 210 utapata mgawanyo wa 4 na 3, ukianza na wowote. Katika njia 42 utapata 5 na 2. Basi mchezaji mmoja kati ya sita anaanza na 5 na 2, na anaweza kununua karata ya bei ya 5 ambayo wenzake hawaifikii kwa pesa walizoanza nazo. Hiyo ni bahati halisi, wala hakuna ustadi wa kuibadilisha. Ingawa ile zamu yenye 2 nayo hainunui kitu cha maana, kwa hiyo tusimwonee wivu sana.

Baada ya hapo mambo yanageuka. Tuseme umenunua karata moja nzuri sana. Ikiwa fungu lako lina karata 10, kila ukivuta 5 baada ya kuchanganya una nafasi 5 kwa 10, nusu kwa nusu, ya kuiona. Ukiwa na tamaa ukajaza fungu lifike 20, nafasi ni robo. Na ukitumia zamu zako kuondoa zile 3 zisizonunua kitu, fungu likabaki na 8, nafasi inapanda hadi 5 kwa 8. Karata ni ile ile na mkono unaochanganya ni ule ule. Wachezaji wazuri hutambulika zaidi kwa wanavyovitupa kuliko kwa wanavyovinunua. Mchezo wa kompyuta wa Slay the Spire, uliotoka rasmi mwaka 2019, unaonyesha hivyo hivyo: baada ya pambano unaonyeshwa karata tatu, uchague moja au usichague yoyote, na wanaoanza ndio wanaochagua kila mara. Imam Tirmidhi amepokea hadithi kwamba katika uzuri wa Uislamu wa mtu ni kuacha yasiyomhusu. Haikusemwa kwa ajili ya karata, lakini sijaona mfano wa hesabu unaoikaribia zaidi.

Kuna jambo la pili, na hili lina uzito zaidi: kurudia. Chukua mchezaji aliye bora kidogo, anayeshinda mara 60 katika 100. Mkicheza mara moja, mwenzake ana nafasi ya 40. Mkicheza mara tano, anayeshinda tatu ndiye bingwa, nafasi ya yule bora inafika karibu 68. Mkicheza mara 21, inapita 80. Bahati inaliwa na kurudia. Katika Dominion fungu linachanganywa tena na tena ndani ya mchezo mmoja, kwa hiyo kila mchanganyo unapunguza nguvu ya mchanganyo uliotangulia. Matatu ukiicheza mkono mmoja ni kama mara moja. Ukiicheza jioni nzima, wazoefu wanaanza kuonekana.

Tafadhali weka hesabu hii akilini, tutairudia tukifika kwenye kubeti.

Wanavyuoni walitazama nini

Wengi wetu Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, Allah amrehemu, na swali hili si geni kwake. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), anasema katika Minhaj kwamba kucheza nardi, ule mchezo wa madumu ya kurusha, ni haramu kwa kauli iliyo sahihi, na sataranji ni makuruhu. Halafu anaongeza kwamba sataranji ikiwekewa mali kutoka pande zote mbili, imekuwa kamari. Hadithi ya nardi imo katika Sahih Muslim kutoka kwa Buraydah (r.a.), na anayeicheza amefananishwa na aliyetia mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe.

Kwa nini michezo miwili ya mezani imetenganishwa hivyo? Waliokuja baada yake, akiwemo Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 Hijria (1567), katika sharhe yake ya Minhaj, wameeleza kipimo. Mchezo ambao tegemeo lake ni hesabu na fikra hauharamishwi. Mchezo ambao tegemeo lake ni kukisia unaharamishwa. Na mfano wanaoutoa upande wa hesabu unatuhusu moja kwa moja: ni mankala, yaani vishimo na vijiwe vinavyosogezwa kwa kuhesabu. Hiyo ni jamaa moja na bao la pwani na omweso wa hapa Uganda. Mzee anayecheza omweso Isingiro hajui kwamba mchezo wa aina yake umetajwa katika fikihi kwa wema, lakini umetajwa.

Karata nazo zimetajwa, na si kwa wema. Vitabu vya baadaye vya Kishafii vinaitaja kanjafa, karata zenye nakshi, na kuiweka upande wa kukisia pamoja na nardi. Tusilifiche hilo. Wala karata si kitu cha kigeni kwa Waislamu: katika jumba la Topkapi, Istanbul, kuna karata za zama za Mamluki wa Misri, zenye panga, fimbo za polo, vikombe na sarafu, na zenye mfalme na naibu wake. Wahispania mpaka leo wanaziita karata "naipes", na inasemekana asili ya neno hilo ni naibu huyo. Kisha zikaturudia kwa Wareno, ndiyo maana Kiswahili kinasema karata, kopa, shupaza, uru, pau na turufu.

Wanavyuoni wa zama zetu wamegawanyika. Wapo wanaofunga mlango wa karata zote. Wapo wanaoruhusu ikiwa hakuna mali, hakuna matusi, na swala haipotei. Lakini kipimo cha Ibn Hajar kinatupa swali la kuuliza kila mchezo: tegemeo lake ni nini? Kipimo hakiulizi kama kuna bahati yoyote ndani yake. Kinauliza unasimama juu ya nini. Kwa maoni yangu, na ni maoni ya mwanafunzi, mchezo wa kujenga fungu unasimama juu ya hesabu, kwa sababu bahati inazunguka ndani ya kitu ulichokitengeneza mwenyewe na inapungua kwa kurudia. Mchezo wa kurusha dumu na kusogea kiasi kilichotoka, kama ludo, unasimama juu ya lile dumu. Matatu iko katikati, na anayejiepusha nayo kwa tahadhari ya dini yake simwoni kuwa mkali. Wallahu aalam.

Mishale kumi

Neno maysiri katika Qur'ani (Surat al-Maida, aya ya 90 na 91) lilikuwa na sura maalumu kwa Waarabu. Walichinja ngamia, wakaleta mishale kumi. Saba ilikuwa na mafungu, kuanzia moja hadi saba. Mitatu ilikuwa tupu. Ilichanganywa ndani ya mfuko na kuchomolewa mmoja mmoja. Uliotoka kwa jina lako wenye fungu, umepata nyama. Uliotoka mtupu, hupati kitu na unalipa bei ya ngamia.

Saba zenye kitu na tatu tupu: ndizo namba zile zile za Dominion. Nadhani ni sadfa tu, lakini inasaidia kuona tofauti. Kuchanganya kupo kote kuwili. Utupu upo kote kuwili. Kilichoko kwa Waarabu na hakiko mezani pa hosteli ni yule anayelipa ngamia.

Na wafasiri wanataja jambo ambalo wengi hatulijui. Waliopata mafungu mara nyingi hawakula ile nyama. Waliwapa masikini, wakajifaharisha kwa ukarimu huo. Ndiyo maana Surat al-Baqara, aya ya 219, inakiri kwamba katika pombe na maysiri mna manufaa kwa watu, kisha inasema madhara yake ni makubwa kuliko manufaa. Basi anayekuambia kwamba bahati nasibu fulani inajenga shule au inasaidia wagonjwa, hajaleta hoja mpya. Masikini walikula nyama ya ngamia, na bado aya ikashuka.

Soda ya aliyeshindwa

Hapa ndipo ninapoona wengi wetu tunateleza, kwa sababu kiasi ni kidogo. Wanne wanacheza matatu, wanakubaliana anayeshindwa anunue soda, au rolex ya chapati na mayai pale nje ya geti. Hakuna anayeiita kamari. Lakini rudia maneno ya Nawawi: mali kutoka pande zote. Kila mmoja ameingia akiwa ama atapata kitu cha mwenzake ama atatoa chake. Bei ya soda haibadilishi umbo la mkataba. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba mtu akimwambia mwenzake njoo tucheze kamari, basi atoe sadaka. Anatakiwa kufidia kwa kule kuita tu, hata kabla hawajakaa.

Je, zawadi ikitolewa na mtu wa nje, kwa mfano klabu ya hosteli? Hapo hakuna anayepoteza chake, kwa hiyo si kamari. Lakini Mashafii wameshika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, inayohusisha zawadi za mashindano na mishale, ngamia na farasi. Mwenye kutaka salama achezee jina tu.

Aina nyingine inajificha zaidi. Mchezo wa karata wa Magic: The Gathering ulipotoka mwaka 1993, sheria zake za mwanzo zilitaka kila mchezaji aweke karata moja rehani, na mshindi achukue. Hiyo ni maysiri bila kificho, na wenyewe waliiacha baadaye. Kilichobaki ni pakiti iliyofungwa: unanunua karata usizoziona, ukitumaini ndani mna ile adimu. Michezo ya simu imeiga kwa masanduku ya kufunguliwa kwa pesa. Mwezi Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba baadhi ya masanduku hayo ni kamari kwa sheria yao. Sisi hatuhitaji kusubiri Ubelgiji. Mtume (s.a.w.) alikataza biashara ya gharari, kununua kisichojulikana, na hadithi imo katika Sahih Muslim. Dominion unanunua sanduku moja na kila karata iliyomo imeandikwa. Mtu anayecheza karata zile zile kwenye simu, lakini kila siku analipa Mobile Money ili afungue kisanduku, amefika mahali pengine kabisa, hata kama mchezo wenyewe una akili nyingi.

Na kubeti. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza aliye chini ya miaka 25, kwa hiyo sehemu kubwa ya wasomaji wa jarida hili hawaruhusiwi hata na serikali. Lakini vijana wanaingia, na nimewaona wenzetu waliotoka Nakivale wakiweka pesa ya chakula cha mwezi iliyokusanywa na familia nzima. Hoja yao ni kwamba wao si wa kubahatisha, wanaijua mipira. Sasa rudi kwenye 60 na 40. Kurudia kunamfaa yule mwenye upande bora. Bei za mikeka zinapangwa ili upande bora uwe wa kampuni, na kampuni inacheza maelfu ya mara kwa siku. Ile hesabu inayomfanya fundi wa karata ashinde jioni nzima ndiyo inayokula pesa yako. Ukishinda mara moja, hiyo ni ile 40 imetokea. Kampuni haikusikitikii kwa hilo. Inakungoja urudi.

Kura, mgao, na neno "lau"

Bado swali la bahati na kadari. Bahati si jina la nguvu inayogawa. Ni jina la kutojua kwetu: karata ya tatu kutoka juu tayari ipo mahali pake kabla hujaivuta, ni wewe tu usiyeiona. Ukisema "nilikuwa na bahati" kwa maana ya "nilijaaliwa nisilolipanga", sioni tatizo. Hata neno nasibu, ambalo tumelifunga na bahati, kwa Kiarabu ni fungu la mtu, sehemu yake.

Na uislamu haukukataa kuchanganya na kuchomoa pale inapoleta haki. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) akitaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze. Qur'ani inataja kura katika kisa cha Nabii Yunus (Surat as-Saffat, 141) na katika kisa cha nani amlee Maryam (Al Imran, 44). Kura inagawa haki ambayo wote wanaistahili sawa na haitoshi kwa wote. Kamari inachukua cha huyu kumpa yule bila haki yoyote. Chombo kinafanana, kazi mbili tofauti.

Nasema haya nikiwafikiria hasa wa nyumbani. Rwekubo na kote Nakivale neno bahati linabeba mzigo mzito kuliko karata: ni nani atapelekwa nchi ya tatu. Familia zimengoja miaka. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wameshafanyiwa mahojiano na vipimo wakabaki na mabegi yao. Hakuna aliyecheza vibaya. Karata zilichanganywa mbali na wao.

Mtu anaweza kuuchukua mfano wa fungu na kuwaambia: mgao si wako, lakini fungu ni lako, lijenge. Una ukweli, na ni karibu na maana ya hadithi ya Tirmidhi ya kumfunga ngamia kisha kutegemea. Nawajua vijana waliojenga: Kiingereza, ushonaji, kidato cha sita, mpaka wakafika vyuo vya Mbarara. Lakini mfano huu una tundu, na nisingependa mtu aufikishe kambini bila kulitaja. Kwenye Dominion wote wanaanza na karata 10 sawa. Aliyezaliwa Rwekubo bila kitambulisho cha nchi yoyote na aliyezaliwa Mbarara mjini kwa wazazi wenye duka hawakuanza na kumi sawa. Kumwambia wa kwanza kwamba ameshindwa kwa sababu hakujenga vizuri ni dhuluma. Pengo la karata za mwanzo ndilo zaka imefaradhishwa kwalo, na ni haki ya anayepokea.

Baada ya mgao mbaya kuna jambo moja zaidi tumefundishwa, na wacheza karata wanalihitaji kuliko wote. Katika Sahih Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), Mtume (s.a.w.) anatuhimiza tukazane na yenye kutufaa, tumtake Allah msaada, tusilegee. Kisha likitupata jambo tusiseme "lau ningefanya hivi", kwa sababu "lau" inamfungulia Shetani kazi yake. Angalia mpangilio. Kukazana kumetangulia. Kuikataa "lau" kunakuja baada ya jambo kutokea. Mchezaji anayekaa usiku kucha akirudia ile zamu ambayo karata nzuri ilikuwa ya sita badala ya ya tano, anapigana na kitu ambacho hakikuwahi kuwa mkononi mwake. Anayetazama kwa nini fungu lake lilikuwa na karata 25 anajifunza kwa ajili ya kesho, na hiyo si "lau" iliyokatazwa.

Lini mcheze

Limebaki swali la muda, ambalo aya ya 91 inalitaja waziwazi: kuzuiwa na swala na kumkumbuka Allah. Mchezo wa kujenga fungu unachukua nusu saa kwa waliozoea, saa nzima kwa wanaojifunza, na hakuna anayecheza mmoja tu. Baina ya Magharibi na Isha hapa Mbarara ni saa moja na dakika chache. Hapatoshi, na nimeona iqama ikikimiwa huku mtu anasema "zamu yangu ya mwisho". Baada ya Isha, Mtume (s.a.w.) alikuwa hapendi mazungumzo, kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Abu Barza (r.a.), na Alfajiri ya siku inayofuata inajulikana ilivyo. Sisi wa hosteli yetu tumekubaliana Jumamosi, kuanzia baada ya Adhuhuri, na karata zinarudi sandukuni robo saa kabla ya Alasiri, hata kama mtu anakaribia kushinda.